Asiyeruka Habebeki

Pwaa!

Niliusikia mlio huo nikiwa bado uani, kabla sijaufikia mlango wa ukumbi. Kimya kidogo. Kisha tena: pwaa! Mbao zikalia, kamba zikatetemeka, na vyuma vya kona vikajibu kama vyombo vinavyogongana kabatini. Mpita njia angedhani ndani kuna mtu anapigwa. Mimi nilijua ni dada yangu anaanguka.

Kila mtu ana mwanguko wake. Chuma, bingwa wetu wa mieleka, huanguka kama gunia la saruji lililosukumwa kutoka juu ya lori: mlio mzito, mfupi, hauna mwangwi. Mama Pacha, mpiganaji wetu mkongwe, huanguka kwa milio miwili, mgongo kwanza na kisigino baadaye, kwa sababu goti lake la kushoto halikunjiki tena vizuri. Dada huanguka mara moja, mwili mzima, viganja vimefunguka, na mlio wake hufika barabarani. Ndiyo maana ulingoni wanamwita Kishindo.

Nilipoingia nilimkuta amelala chali katikati ya ulingo, anatazama dari.

"Umechelewa, mdogo wangu."

"Ukumbi haujafunguliwa, Dada. Nimekuja mapema."

"Na mimi nimeingilia wapi, tundu la ufunguo? Panda huku. Nibebe."

"Jamani, nimevaa shati jeupe."

"Utatangaza kwa mdomo au kwa shati? Panda!"

Nikapanda. Mimi ndiye mshika kipaza sauti wa ukumbi ule. Kazi yangu ni kuwaita wapiganaji mmoja mmoja kwa maneno yatakayowanyanyua watu vitini. Mwili wangu ni wa maneno pia. Niliinama, nikaweka bega tumboni mwake, nikashika mapaja yake, nikavuta. Hakunyanyuka hata unene wa kidole. Nikavuta tena mpaka masikio yakawaka moto.

"Umekula nini wewe, mawe?"

Akacheka. "Sasa nigonge pajani mara mbili."

Nikamgonga. Akaruka kidogo tu, kwa ncha za vidole vya miguu, na ghafla alikuwa juu ya bega langu, mwepesi kama fungu la pamba.

"Umeona? Siri ya kazi yote ni hiyo," alisema kutoka kule juu. "Watazamaji wanadhani anayebeba ndiye mwenye nguvu. Anayebebwa ndiye anayefanya kazi. Asiyeruka habebeki."

Nilimtua. Alikuwa ametokwa na jasho na uso wake unang'aa, maana siku ile haikuwa kama nyingine. Nieleze kwa nini.

Mieleka yetu ni ya maonyesho. Mshindi hupangwa kabla, kinachobaki ni namna ya kufika kwake. Wapo wajuaji wanaosema basi ni uongo mtupu. Waje walale pale kwenye zile mbao, watupwe kutoka kimo cha mabega, halafu waniambie mgongo wao umedanganywa vipi. Uongo wa kweli pale ukumbini ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa kwenye taa.

Wanaume wanapopigana, taa za juu ya viti huzimwa. Giza linakuwa zito, ulingo peke yake unawaka, na mtu haoni kingine ila jasho la anayepigana. Lakini ikifika zamu ya wanawake, taa za viti zinawashwa. Ni mapumziko. Watu wanakwenda chooni, wauza soda wanapita katikati ya safu wakipiga kelele, watoto wanakimbizana, na pale mbele wanawake wawili wanavunjana migongo kwa dakika chache bila hata mtu kugeuza shingo. Wanaobaki kutazama wanangoja nywele zivutwe au nguo ichanike. Mama Pacha alikuwa ameanguka chini ya taa zile tangu mapacha wake wakiwa wananyonya. Mapacha sasa walikuwa na ndevu.

Na siku ile ilikuwa yake ya mwisho. Daktari alikuwa amemwambia goti halina tena cha kusagika. Dada akamfuata mwenye ukumbi, ambaye sote tunamwita Mjomba ingawa si mjomba wa mtu yeyote, akamwomba jambo moja: Mama Pacha apewe pambano zima, taa za viti zizimwe, na ashinde. Hakuwahi kushinda hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwaangukia wasichana wapya ili waonekane wanaweza. Mjomba alikubali. Aliweka mkono kifuani akasema, "Mwanangu, hilo limekwisha."

Kweli likaisha.

Mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nilikuwa chumba cha wanaume nikisoma mpangilio wakati wapiganaji wanasalimiana. Salamu yao ni tofauti na ya watu wengine. Mkono hutolewa laini, legelege, kana kwamba umeshika yai. Maana yake: mwili wako leo uko mikononi mwangu, nami sitauvunja. Kila anayeingia huwazungukia wote, akianza na mkubwa kuliko wote, hata kama jana walitukanana. Mtu akikubana mkono kwa nguvu kama anavyosalimia mgeni, ujue hakuhesabu kuwa mwenzake wa kazi.

Dada na Mama Pacha hawakuwahi kupewa ule mkono laini. Chumba chao cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya mafagio, upande wa pili wa korido. Wanaume walipita mlangoni wakisema, "Mambo, warembo," na kuendelea.

Mjomba aliingia stoo nikiwa nimewapelekea maji. Alikuwa na tabasamu lile la mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mabinti zangu, kuna mabadiliko madogo."

Mama Pacha alikuwa anafunga bandeji gotini. Hakuinua kichwa. "Madogo kiasi gani?"

"Mpinzani wa Chuma hakufika. Watu wamemlipia Chuma, lazima wamwone. Kwa hiyo ninyi mtaanza, dakika mbili tatu hivi, mtavutana nywele kidogo. Kisha Chuma anaingia kama baba mwenye nyumba, anawabeba wote wawili, mmoja bega hili, mmoja bega lile, anawatoa nje. Watu watacheka mpaka wapasuke."

"Na taa?" aliuliza Dada.

"Taa zipi?"

"Za viti, Mjomba. Uliahidi."

"Aa, hiyo ni mapumziko, mwanangu. Nikizima taa, soda zitauzwaje? Na wewe, mshairi," akanigeukia mimi, "utasema hivi: kina mama wamekosa adabu, baba anakuja kuwarudisha jikoni. Sema kwa madaha."

"Sisemi," nilimjibu.

"Utasema."

"Mjomba, mama huyu anaaga leo!"

"Basi si ataaga akiwa juu ya bega la bingwa? Wangapi wanapata bahati hiyo?" Alimpapasa Mama Pacha begani kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumuuza. "Mcheza kwao hutunzwa, mama."

Mama Pacha ndipo akainua macho. "Ndiyo nauliza," alisema polepole. "Huku kwangu ni wapi?"

Mjomba alicheka, akaangalia saa, akatoka. Nilitaka kumfuata nimrushie ndoo ya mafagio kichwani. Dada alinishika shati, lile lile jeupe.

"Tulia. Ukimpiga utakuwa wewe ndiye habari ya leo."

"Kwa hiyo mtakubali?"

Dada alichuchumaa mbele ya Mama Pacha, akamalizia kufunga ile bandeji, akaubana mwisho wake kwa pini.

"Mama, magoti yako leo yapumzike. Chuma akikugonga paja, usiruke."

Mama Pacha alimtazama. Midomo yake ikaanza kucheza, na mara akaangua kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake, kicheko cha msichana aliyefungiwa jikoni akapata dirisha.

"Mwanangu, nina kilo nyingi," alisema.

"Nazitegemea hizo."

Nilishika kipaza sauti taa zote zikiwa zinawaka kama sokoni. Muuza soda alikuwa anabishana na mteja safu ya kwanza. Wanaume walikuwa wanapishana kwenda chooni. Fundi wa taa alikuwa kwenye kibanda chake nyuma, na Mjomba amesimama kando yake. Yale maneno ya jikoni sikuyasema. Nilikuwa na maneno yangu mwenyewe, nimeyapika wiki nzima kwa ajili ya giza ambalo halikuja, nikayasema hivyo hivyo kwenye mwanga:

*Huyu ndiye wenu mama, mlomzoea chini,*
*Kaanguka kwa heshima, wengine wapate shani,*
*Leo hii asimama, tazameni kwa makini,*
*Zimeni taa za nyuma, mama yuko ulingoni!*

Taa hazikuzimwa. Fundi alimtazama Mjomba, Mjomba akatikisa kichwa. Lakini wachache waligeuza shingo. Mwanamke mmoja safu ya tatu, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali, alimwambia jirani yake, "Hebu kaa chini wewe, unaniziba."

Wakaanza. Nilishawatazama mara nyingi, lakini siku ile walifanya kazi yao kama wanaoandika wosia. Dada alimtupa Mama Pacha kambani, Mama Pacha akarudi akamkata kwa mkono, pwaa! Kishindo kilipasua kelele za soda. Mama Pacha akamnyanyua akamlaza, pwaa! Mtu mmoja aliyekuwa anatoka alisimama mlangoni. Nikamwona anageuka. Nikamwona anarudi kukaa.

Mjomba naye aliona. Mtu akianza kutazama, soda haziendi. Akapunga mkono, na muziki wa Chuma ukalipuka kabla dakika mbili hazijaisha.

Chuma alishuka korido akipiga kifua. Nisiwe mwongo, alikuwa na mwili. Aliruka kamba, akamwonyesha Dada kidole, akaonyesha mlango, na baadhi ya watu wakacheka kama walivyoelekezwa. Kisha akainama, akaweka bega tumboni mwa Dada, akamgonga paja mara mbili.

Dada hakuruka.

Chuma akavuta. Hakuna. Akagonga tena, kwa nguvu. Nilikuwa pembeni kabisa ya ulingo nikawasikia.

"Ruka," alinong'ona.

"Ruka wewe."

"Wewe mwendawazimu? Ruka!"

"Mwambie Mjomba azime taa kwanza."

Alimwachia, akamgeukia Mama Pacha, akamkumbatia kiunoni na kuvuta. Mama Pacha alilegeza mwili wote, kichwa kando, mikono ikining'inia, mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Alikuwa ametulia kabisa. Hata macho alikuwa ameyafumba, kama mtu aliyepata kivuli.

Ndipo yule mwanamke wa safu ya tatu aliposimama.

"Chuma kimeshika kutu!"

Ukumbi ukavunjika. Watu walicheka mpaka wakapigana migongo. Waliokuwa chooni walirudi mbio, mmoja anafunga mkanda njiani, wakiuliza nini, nini. "Mpakeni mafuta!" mwingine akapiga kelele. "Aitiwe winchi!" Muuza soda mwenyewe aliweka kreti chini akatazama. Taa za viti zilikuwa zinawaka bado, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyezikumbuka.

Chuma alisimama katikati ya kicheko kile, mishipa ya shingo imemvimba. Mtu aliyezoea kushangiliwa hajui kuchekwa. Akamrudia Dada, na safari hii hakugonga paja. Alimkamata kwa hasira, akafunga mikono nyuma ya mgongo wake, akamng'oa. Kweli akamng'oa. Alimfikisha kifuani, uso umegeuka rangi, miguu inatetemeka. Kisha kisigino chake kikakanyaga pale jasho la Mama Pacha lilipodondoka juu ya turubai.

Chuma akaenda chali, Dada juu yake. Nyuma yake, chini ya kamba, hapakuwa na turubai. Palikuwa na ukingo wa ulingo, ule ubao mtupu wenye chuma, na shingo yake ilikuwa inaelekea hapo hapo, bila kujikunja, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa imefungwa mgongoni kwa Dada.

Dada angeweza kumwacha. Kilo zote zile za Dada zilikuwa juu yake, angelala tu. Mimi, nasema wazi, ningemwacha. Yeye alipenyeza mkono nyuma ya kisogo cha yule mtu, akakishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga, na mkono huo ndio uliotangulia kufika kwenye chuma.

Sikusikia pwaa. Nilisikia *kach*, mlio mdogo kama kijiti kikavu.

Watu wakanyamaza. Chuma alilala akipepesa macho. Dada alijiviringisha kando, akakaa, mkono wake wa kulia umelala mapajani ukiwa na kona mahali ambapo mkono hauna kona. Mama Pacha alikuwa ameshapiga magoti pembeni yake, goti bovu na zima.

"Waacheni wapigane!" mtu alipiga kelele kutoka ngazini. "Wanawake waendelee!" Wengine wakadaka. Wakaanza kupiga miguu sakafuni. "Zi-ma taa! Zi-ma taa!"

Walilikumbuka shairi langu. Nilitaka kulia kwa hasira. Kila kitu ambacho Mama Pacha alikingoja kilikuwa pale, watu wote wamekaa, macho yote mbele, na mkono wa kumshikia ulikuwa umevunjika kwa kuokoa shingo ya yule aliyetumwa kumdhalilisha.

Mjomba alinipokonya kipaza sauti. "Makofi kwa Chuma!" alisema akicheka. "Mmeona mchezo huo? Huyo ndiye bingwa, anajua kuchekesha! Makofi!"

Wakapiga, wengine. Ukiwaambia watu walichokiona kwa sauti kubwa kuliko macho yao, wapo watakaoamini.

Stoo ya mafagio ilikuwa inanuka dawa ya sakafu. Nilivunja mpini wa fagio, ule bora, kwa kusudi, nikaufunga kwenye mkono wa Dada kwa bandeji tuliyoitoa gotini kwa Mama Pacha. Gari la kutupeleka hospitali lilikuwa linatafutwa, au tuliambiwa linatafutwa. Mjomba alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Mmemaliza," alisema. "Wewe, na wewe, na wewe mshairi. Mmenivunjia bingwa heshima."

"Bingwa wako ana shingo," nilimwambia. "Unajua kwa nini?"

"Mieleka ni ya wanaume, kijana. Wanawake ni mapambo. Pambo likianza kujipanga lenyewe ukutani, linatolewa."

"Mjomba," alisema Dada, uso umemkauka kwa maumivu, "pambo lako limekuvunjikia. Hebu tupishe, tunaumwa."

Akaondoka. Nyuma yake, koridoni, alikuwa amesimama Chuma, taulo shingoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliingia nusu, akashindwa pa kuweka mwili wake katikati ya ndoo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mkono wa Dada uliobaki mzima. Mkono ulikuwa laini, legelege. Kama ameshika yai.

Nilijua maana yake. Dada alijua zaidi yangu. Miaka yote ile aliungoja. Aliutazama.

"Anza na mkubwa," alisema.

"Nini?"

"Unajua utaratibu, Kaka Chuma. Mkubwa kwanza."

Chuma alimtazama Mama Pacha, aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasugua goti kwa kiganja. Mwanamke aliyemfundisha kuanguka; ndiyo, Chuma mwenyewe, alipokuja pale mwembamba kama ufito. Alitazama koridoni alikopita Mjomba. Mkono ulibaki hewani kidogo. Kisha ukaingia kwenye taulo, kana kwamba ndiko ulikokuwa unakwenda tangu mwanzo.

"Nitakuja kukuona hospitali," alimwambia Dada.

"Usije."

Akatoka. Nilipiga teke ndoo ikaenda kugonga ukuta. Hakuna aliyenikataza.

"Basi, wanangu," Mama Pacha alisema baadaye. "Yameisha. Walau leo walicheka na mimi, hawakunicheka mimi. Mengine nimeshazoea."

"Usizoee!" Dada alifoka, na sauti ile ilinishtua kuliko kishindo chochote. "Usiniambie umezoea, Mama. Wewe ukizoea, mimi nitaambiwa nizoee, na atakayekuja baada yangu ataikuta stoo hii hii na mafagio haya haya!"

"Goti langu halitangoja mfupa wako uunge, mwanangu."

"Litangoja."

"Na ulingo? Tumefukuzwa."

Dada aliinuka. Alipepesuka, nikamdaka, akanisukuma. Alisogea mpaka mbele ya ile ndoo, akanyoosha mkono wake mzima, akaushika wa Mama Pacha kwa namna ambayo hakuna mwanamume wa jumba lile aliyewahi kuushika, laini, vidole vikigusa tu.

"Sikiliza, Mama. Nakuahidi, na huyu mdogo wangu mwenye mdomo mrefu ni shahidi. Mkono huu ukipona tutapigana, mimi na wewe. Kama si hapa, tutaunganisha meza za shule, tutatandika magodoro. Taa za viti zitazimwa. Hatatoka mtu kwenda chooni. Utanigonga pajani mara mbili, nami nitaruka, nitaruka juu kuliko nilivyowahi kuruka, unibebe mpaka wote waone. Halafu unitupe. Nitakuangukia, Mama. Nitaanguka mpaka walio barabarani wasikie."